Jonathan Kent na Lionel Luthor: nani hulipia siri ya mzazi?

Msomaji wetu mmoja ametuandikia kwamba amemaliza kutazama misimu yote 10 ya Smallville, tamthilia ya Kimarekani kuhusu ujana wa Clark Kent, atakayekuwa Superman, katika mji wa jina hilohilo, pamoja na binti yake mwenye umri wa miaka 15, na kwamba ubishi uliozuka kati yao haujaisha hadi leo. Binti anashikilia kwamba Jonathan Kent, mkulima aliyemlea Clark, ni baba mbaya kuliko Lionel Luthor, tajiri aliye baba yake Lex, rafiki wa Clark. Sababu zake ni tatu: Jonathan alimficha Clark asili yake kwa miaka mingi, akamkatalia mambo ambayo vijana wenzake waliruhusiwa, kisha akamzoesha kuwaongopea hata marafiki wa karibu. Lionel, anasema binti huyo, angalau hakujificha kuwa ni mtu mbaya. Mama anauliza: tamthilia yenyewe inamhukumu vipi Jonathan, na yeye amjibu nini mwanawe?

Ndugu msomaji, kwanza umpongeze binti yako, maana mashtaka yake yote matatu ni ya kweli na yana ushahidi ndani ya tamthilia. Alipokosea ni katika kulinganisha. Yeye anapima wazazi kwa kuangalia nani ana siri na nani hana, na kwa kipimo hicho hakuna nyumba hata moja katika mji ule itakayopona. Nyumba ya Kent ina siri, kasri la Luthor lina siri, shangazi aliyemlea Lana Lang, msichana anayependwa na Clark, alikuwa na ya kwake, na baba wa rafiki yao Chloe Sullivan vilevile. Waandishi hawatuulizi ni mzazi gani anaficha jambo, kwa kuwa wote wanaficha. Wanatuuliza siri hiyo inamlinda nani, na siku gharama yake inapodaiwa, nani anatoa mfukoni.

Inafaa kukumbuka jinsi tamthilia hii ilivyojengwa. Alfred Gough na Miles Millar waliianzisha tarehe 16 Oktoba 2001 katika kituo cha The WB cha Marekani, kituo kilichojulikana kwa tamthilia za vijana ambamo wazazi aghalabu hupita nyuma ya jukwaa, wakiuliza kama kazi za shule zimefanywa kisha wakitoweka. Hata katika filamu ya Superman ya mwaka 1978, Jonathan Kent anaonekana kwa muda mfupi tu kabla ya kufa kwa ugonjwa wa moyo wakati mwanawe bado ni kijana. Gough na Millar walimpa miaka mitano. Waliwaweka John Schneider (Jonathan) na Annette O'Toole (Martha, mkewe) mezani jikoni, wakazungumza na mtoto wao kuhusu pesa za shamba, wasichana na woga, na ninathubutu kusema kwamba misimu ile ya mwanzo ilisimama kwa sababu ya meza ile kuliko kwa sababu ya nguvu za Clark. (O'Toole alikuwa amekwisha kuigiza kama Lana Lang katika filamu ya tatu ya Superman mwaka 1983, jambo linaloongeza ladha kwa anayelijua.)

Sasa tuanze na shtaka la kwanza, la kuficha asili. Sehemu ya kwanza kabisa inatupeleka Oktoba 1989. Martha yuko katika duka la maua la Nell, shangazi yake Lana, na mtoto Lana, aliyevalishwa nguo za binti mfalme wa hadithi, anamkaribisha aseme anachokitamani. Martha, ambaye hajajaliwa kuzaa, anatamani mtoto. Muda mfupi baadaye mvua ya vimondo inaanguka: kimoja kinawaua wazazi wa Lana mbele ya macho yake, na chombo cha angani kilichoshuka pamoja na vimondo kinamleta mvulana mdogo mbele ya gari la akina Kent lililopinduka shambani. Angalia jinsi mambo haya mawili yalivyowekwa katika saa moja. Ombi la Martha linajibiwa kwa tukio lilelile linalomfanya Lana kuwa yatima, na kuanzia hapo Clark anakua akiwa jirani wa msichana ambaye msiba wake uliandamana na kuja kwake yeye. Mzazi anayelijua hilo ana sababu ya kunyamaza ambayo si ubinafsi tu. Kumwambia Clark ametoka wapi ni kumwambia pia alikuja na nini.

Hata hivyo, Jonathan alichelewa, na tamthilia haimfichi. Clark anaingia mwaka wa kwanza wa sekondari akiwa bado hajui kitu, ilhali tayari anakimbia kwa kasi isiyo ya kibinadamu na gari la Lex Luthor limemgonga darajani bila kumchubua. Lex, aliyeokolewa naye mtoni, anampa pikapu mpya kama shukrani, na Jonathan anamwamuru airudishe. Wakati huo Jonathan anasaga matawi kwa mashine, na anajaribu kumtuliza mwanawe kwa kumwambia kwamba hasira yake ni ya kawaida. Neno hilo linamchoma Clark. Anauingiza mkono wake wote ndani ya mashine inayozunguka, anautoa ukiwa mzima, na kumuuliza baba yake kama na hili ni la kawaida. Baada ya hapo ndipo Jonathan anapompeleka kwenye chumba cha chini ya ardhi cha kujikingia kimbunga na kumwonyesha chombo alichokuja nacho. Clark hamkumbatii. Anamlaumu kwa kutomwambia mapema, anakimbia, na usiku huo anaishia makaburini, ambako anamkuta Lana kwenye kaburi la wazazi wake. Binti yako yuko sahihi, basi: ukweli haukutolewa, ulinyofolewa. Ila atazame sura ya Jonathan wakati mkono ule unaingia kwenye mashine. Baba huyo amebeba kwa miaka 12 jambo ambalo hakuweza kumuuliza daktari, mwalimu wala kasisi, na woga wake wote ni kwamba siku mtoto atakapojua, watu watakuja kumchukua.

Woga huo una msingi wa kisheria, na ndio unaonipeleka kwenye jambo ambalo watazamaji wengi hulisahau. Akina Kent hawakumwasili Clark kwa njia halali. Walimwokota shambani, wakamchukua nyumbani, wakanyamaza. Karatasi za kumwasili zilitoka wapi? Msimu wa pili unajibu: zilitoka kwa Lionel Luthor. Siku ile ya vimondo, Lionel alisimamisha gari barabarani akiwa na mwanawe wa miaka tisa aliyeumia, na aliyesimama alikuwa Jonathan, akampakia katika gari hilohilo alimokuwamo yule mvulana mgeni na kuwakimbiza hospitali. Lionel hakupenda kudaiwa fadhila. Aliunda shirika la hisani la kuwapa wazazi watoto wa kuasili, shirika ambalo kazi yake ilikuwa kumhalalisha mtoto mmoja tu, kisha akadai malipo: Jonathan awashawishi ndugu wa ukoo wa Ross, waliomwamini, wamuuzie Luthor kiwanda chao cha mahindi ya kopo. Jonathan aliwashawishi. Ahadi walizopewa hazikutimizwa, na mahali pale pakajengwa kiwanda cha mbolea. Kwa hiyo chuki ya Jonathan dhidi ya akina Luthor, ambayo katika msimu wa kwanza inaonekana kama ukaidi wa mkulima maskini dhidi ya tajiri, kwa kweli ni aibu ya mtu aliyekwisha kuingia mkono mmoja katika mfuko wa tajiri huyo.

Naliweka hili wazi ili usimtetee Jonathan kwa hoja isiyo yake. Si malaika, na waandishi hawakutaka awe malaika. Alianza ubaba wake kwa karatasi za uongo.

Shtaka la pili, la makatazo, ni jepesi zaidi. Jonathan anamkataza Clark kucheza kandanda ya Kimarekani kwa kuhofia kwamba kijana mwenye nguvu kama zile, akikasirika mara moja tu uwanjani, atamvunja mwenzake. Clark anaona kwamba baba yake hamwamini. Katika msimu wa nne anaingia timu, anacheza bila kumuumiza mtu, na Jonathan anakubali, ingawa kwa shingo upande. Hapo mtoto alikuwa sahihi na mzazi alikuwa na hofu iliyopita kiasi. Kila nyumba yenye kijana ina hadithi ya namna hiyo, na sidhani kama inahitaji mahakama.

Shtaka la tatu ndilo zito, na hapo kipimo cha gharama kinaanza kufanya kazi yake. Clark anafundishwa kuongopa, na anaongopa vizuri kiasi kwamba kila anayempenda anaumia: Lana anamwacha mara kadhaa kwa sababu anahisi kuna mlango ambao hafunguliwi, na Lex, aliyemwita rafiki wa pekee, anageuka kuwa mpelelezi wake. Jonathan na Martha waliujenga uongo huo. Lakini tazama wanavyoubeba. Mwishoni mwa msimu wa pili Martha ni mjamzito, mimba ambayo hakuwahi kuitarajia. Sauti ya Jor-El, baba mzazi wa Clark, inamwamuru kijana aache familia yake na kwenda kutimiza aliyopangiwa, na Clark, bila kuwaambia wazazi wake, anakiharibu chombo. Mlipuko unalipindua gari la Jonathan na Martha, na mtoto anapotea. Jonathan, katika uchungu wake, anamwonyesha Clark kwamba lawama ni yake. Ni dakika yake mbaya kuliko zote katika tamthilia nzima. Mvulana anavaa pete yenye kriptonaiti nyekundu, jiwe la sayari alikotoka, linalomwondolea dhamiri, anapanda pikipiki na kwenda katika jiji la Metropolis.

Baba aliyekosea kwa maneno hufanya nini baadaye? Msimu wa tatu unafunguliwa Clark akiwa ametoweka kwa miezi mitatu, anaiba na kufanya fujo kwa jina la Kal, kifupi cha Kal-El, jina lake la kuzaliwa. Jonathan anakwenda kwenye mapango, anasimama mbele ya sauti ya Jor-El, ambaye ni mpinzani wake katika haki ya kumlea mtoto huyu, na anaomba nguvu za kumrudisha nyumbani. Anapewa kwa masharti. Anampata Clark, wanapigana ana kwa ana huku kuta zikibomoka, na mtoto anarudi. Mwili wa mkulima wa makamo haukuumbwa kubeba nguvu hizo, na tangu siku hiyo moyo wake unadhoofika. Hapa waandishi wameandika hesabu yao hadharani: kosa lilikuwa la wote wawili, ila bili ameichukua baba.

Hesabu hiyo inafungwa katika msimu wa tano, katika sehemu ya 100, iliyorushwa Januari 2006. Clark alikuwa amekwisha kufa na kufufuliwa na Jor-El mapema katika msimu huo, akionywa kwamba uhai wa mtu mwingine ampendaye utakwenda badala ya wake. Sasa anamwambia Lana ukweli wote, Lana anafariki katika ajali ya gari usiku uleule, na Clark anamsihi Jor-El aurudishe nyuma wakati. Lana anapona. Usiku wa ushindi wake katika uchaguzi wa useneta wa jimbo, Jonathan anakutana na Lionel ndani ya ghala la shamba, anampiga kwa hasira, anatoka nje akiyumba, na anaanguka mikononi mwa mkewe na mwanawe. Unaweza kusema, kama baadhi ya wachambuzi, kwamba kifo hicho kilipangwa kibiashara ili kijana apate uhuru wa kuendelea kukua. Huenda. Hata hivyo kimewekwa mahali pake: mtu aliyetoa moyo wake kumrudisha mwanawe anakufa kwa moyo huo.

Sasa umlete Lionel kwenye mizani hiyohiyo. John Glover anamwigiza kwa utamu unaofanya mtu asahau anachokitazama, na nadhani ndiyo maana binti yako anaona kwamba Lionel ni mkweli. Si mkweli. Aliwaua wazazi wake mwenyewe kwa ajili ya fedha za bima. Alipopofuka na kuhamia katika kasri la Lex, macho yake yalirudi naye akaendelea kujifanya kipofu, akimtazama mwanawe anavyoishi wakati mwana anadhani hatazamwi. Na Lex alipokaribia kuthibitisha mauaji yale katika msimu wa tatu, Lionel alimfungia katika hospitali ya magonjwa ya akili na kuamuru kumbukumbu zake zifutwe kwa mishtuko ya umeme. Simama hapo kidogo. Jonathan anatoa mwili wake ili mtoto arudiwe na akili zake. Lionel anatoa akili za mtoto ili mwili wake mwenyewe usiingie gerezani. Wote wawili ni akina baba wenye siri, na wakati wa malipo mmoja anajitoa yeye, mwingine anamtoa mwana.

Kuna jambo moja la Lex ambalo binti yako pengine alilipita haraka, na ningependa mlitazame tena pamoja. Katika msimu huohuo wa tatu tunajua kwamba Lex aliwahi kuwa na mdogo wake mchanga, Julian, aliyefia kitandani mwake. Kwa miaka mingi Lionel aliamini kwamba Lex ndiye aliyemuua. Ukweli ni kwamba mama yao, Lillian, aliyekuwa amezama katika sonona baada ya kujifungua, ndiye aliyemziba pumzi, na Lex, akiwa mtoto tu, aliichukua hatia hiyo ili kumkinga mama yake na hasira ya baba. Katika nyumba ile mtoto ndiye aliyefanya kazi ya mzazi. Alitunza siri iliyomlinda mwingine, na akailipia yeye, kama vile Jonathan angefanya. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa Lex wengi huumaliza mjadala hapo. Lakini hapa kuna mtoto aliyelelewa kwa ukatili na akafanya tendo linalomfaa mzazi kuliko yote yaliyofanywa chini ya paa la Luthor. Ubaya wake haukuwa umeandikwa bado. Anamsukuma baba yake kutoka dirishani katika msimu wa saba, mwaka 2008, na ni vigumu kwa mtazamaji aliyeshuhudia yote yaliyotangulia kusema kwamba ilikuwa lazima.

Jor-El sitamchambua sana. Sauti yake ni ya Terence Stamp, aliyekuwa Jenerali Zod, adui wa Superman, katika filamu mbili za zamani za Superman, na ubaridi wa sauti hiyo unamfaa baba anayewasiliana na mwanawe kwa amri na majaribu. Katika misimu ya katikati waandishi walimrudiarudia hadi akachosha. Linalotuhusu ni kwamba kila anapomchukua Clark, anayekwenda kumdai ni mzazi mlezi: Jonathan kwenye mapango, kisha Martha mwanzoni mwa msimu wa nne, anapomshika mwanawe aliyefutwa utu na kutumia kriptonaiti nyeusi kumtenganisha Clark na yule Kal-El asiyemjua mama yake. Damu inaamrisha, malezi yanafuatilia. Martha huyu, msomi wa mjini na binti wa wakili aliyepinga ndoa yake, hupewa nafasi ndogo katika mijadala ya watazamaji, ilhali baada ya kifo cha mumewe yeye ndiye anayekalia kiti cha useneta, na baadaye anakwenda Washington.

Umjibu nini binti yako, basi? Mwambie kwamba ameshinda katika mashtaka na ameshindwa katika hukumu. Na kama anataka kuendelea kumshtaki Jonathan, ambalo ni haki yake, mwonyeshe kwamba amemleta shahidi asiyefaa. Clark hana kesi kubwa dhidi ya baba yake. Mwenye kesi ni Lex.

Lex anaingia Smallville akiwa na umri wa miaka 21, ametumwa na baba yake kusimamia kiwanda kilekile cha mbolea, na katika misimu mitatu ya mwanzo anajileta mara kwa mara kwenye shamba la Kent akiwa na zawadi, ushauri, mikopo ya kuliokoa shamba, na visingizio. Kila mtu anaona anachokitafuta. Anataka kuketi kwenye ile meza ya jikoni. Jonathan anamsimamisha mlangoni, si kwa jambo ambalo Lex amelitenda, bali kwa jina analolibeba, na nyuma ya jina hilo kuna zile karatasi za kuasili na kile kiwanda cha ukoo wa Ross, deni ambalo Jonathan hakulitaja mbele ya kijana huyo. Clark anafundishwa katika nyumba hiyo kumwamini Lex nusu tu, Lex anaihisi ile nusu iliyobaki, anaanza kuchunguza, na mwishoni mwa msimu wa tatu Clark anaingia katika chumba kilichojaa picha na vielelezo vyake mwenyewe na kuukata urafiki papo hapo. Tukipima kwa kipimo kile kile nilichokitumia kumtetea Jonathan, hapa ndipo kinapomgeuka: siri yake ilimlinda mwanawe, na sehemu ya gharama yake ililipwa na mtoto wa mtu mwingine, ambaye Jonathan mwenyewe alikuwa amemkimbiza hospitali mwaka 1989.